Samaki, Kichefuchefu na Mapenzi: Siku Yetu Fungu Mbaraka

Kama mwenzi wako hajawahi kukuona ukitapika, basi bado hamjafahamiana. Mimi na mume wangu tulifahamiana rasmi Novemba iliyopita, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katikati ya Bahari ya Hindi. Yeye alikuwa ameinamia ukingo wa boti, mimi nimemshika mkanda wa suruali asije akaangukia majini.

Ngoja nianze mwanzo. Tulikuwa tunatimiza miaka mitano ya ndoa. Wengine hapo hukimbilia hotelini, mishumaa na maua ya waridi. Lakini mume wangu amekulia Kigamboni, akivua kwa mshipi wa mkono juu ya miamba tangu akiwa na kaptula ya shule. Ndoto yake ilikuwa moja tu: kuvua kwenye maji makuu, kwenye boti yenyewe hasa. Nikasema zawadi ndiyo hiyo.

Tatizo ni kwamba Aprili alikuwa amepunguzwa kazini. Mimi niko benki, mshahara wangu ukawa ndio kodi ya nyumba, ndio ada ya mtoto, ndio kila kitu. Hakulalamika hata siku moja. Ila aliacha kuomba chochote. Hata chumvi mezani alikuwa anainuka kuifuata mwenyewe. Nilipomwambia nimechangia boti na marafiki zetu wawili, mtu na mkewe, alinitazama akasema, "Hela yako hiyo, ungeifanyia la maana." Jamani, iliniuma. Sikujibu.

Kisiwa kisicho na hoteli

Tuliondoka Msasani saa kumi alfajiri, mji bado umelala. Safari ni ya takriban kilomita 70 kuelekea mashariki, hadi kisiwa kidogo ambacho ramani za Kizungu hukiita Latham. Kwetu ni Fungu Mbaraka, na Wazanzibari hukiita Fungu Kizimkazi. Usitegemee minazi wala machela ya kulalia. Ni bapa la mwamba wa matumbawe lisilo na mti hata mmoja. Wenyeji wake ni ndege wa baharini, maelfu kwa maelfu, na harufu yao inakupokea kabla hujafika.

Kwa nini watu wahangaike kwenda huko? Kwa sababu mwamba huo umechomoza kutoka kwenye kina kirefu. Mkondo wa bahari ukiugonga, chakula hupanda juu, samaki wadogo hukusanyika, na wakubwa huwafuata. Nahodha wetu, mzee wa Mafia mwenye ndevu nyeupe, alitueleza kwa ufupi zaidi: "Ukiona ndege wanapiga mbizi, wanangu, usiulize mashine. Hapo pana karamu."

Fimbo nne zilipangwa tezi, chambo za plastiki mfano wa ngisi zikakokotwa nyuma yetu huku boti ikienda mwendo wa pole. Halafu ni kusubiri. Hapo ndipo mume wangu alipopata ile hali niliyokusimulia. Nilimpa tangawizi, nahodha akamwambia atazame upeo wa macho, asitazame sakafu.

Mnamo saa tatu sulisuli alitokea nyuma ya chambo, pezi lake la mgongoni limefunguka kama tanga. Akakipiga chambo kwa ule mdomo wake mrefu, akaruka mara mbili hewani, aking'aa bluu na fedha, akaitema ndoana. Kwisha. Sote tulibaki tumeachama. Yule rafiki yangu alilia kabisa, na wala hakuwa ameshika fimbo.

"Nishikie"

Saa tano kasoro ndege wakaanza kupiga mbizi. Nahodha akageuza usukani, na kabla hatujafika sawasawa rili moja ikapiga kelele. Zamu ilikuwa ya mume wangu. Akakalishwa kwenye kiti, akafungwa mkanda, fimbo mkononi.

Alikuwa jodari. Na jodari, tofauti na sulisuli, hana maonyesho. Anazama. Anakwenda chini moja kwa moja kama ameahidiwa kitu huko, na wewe unamrudisha kidogo kidogo: unainua fimbo, unaishusha huku unazungusha rili, unainua tena. Unapata mita kumi, yeye anachukua ishirini. Dakika kumi zikapita, ishirini, thelathini. Mume wangu hakuwa na kitu tumboni. Mikono ilianza kumtetemeka, jasho likamwingia machoni.

"Shemeji, akupokee mtu?" baharia mmoja akamuuliza. Akatikisa kichwa.

Hapa kuna jambo la kujua. IGFA, chama cha kimataifa cha uvuvi wa mchezo kilichoanzishwa mwaka 1939, kina kanuni: mtu mwingine akigusa fimbo wakati wa mapambano, samaki huyo hahesabiki kwenye rekodi. Mabaharia walishatuambia hivyo asubuhi, kwa utani. Mume wangu aliikumbuka, nilimwona usoni. Nikajizuia. Nilitaka kumnyang'anya ile fimbo, kweli kabisa, lakini nilishajifunza miezi ile kwamba kumsaidia mtu ambaye hajaomba nako ni kumpiga.

Kisha akasema, bila kunigeukia, "Mke wangu, nishikie."

Miezi saba nilikuwa sijasikia neno la namna hiyo. Tulibadilishana pale kitini, mimi nikaketi, yeye akasimama nyuma akinishika mabega. Sikuwa na ufundi, nilikuwa na nguvu mpya tu. Baada ya robo saa mikono yangu ikaisha, akapokea tena. Mwishowe kivuli cha njano kikaanza kuzunguka chini ya boti, kikawa samaki, na mabaharia wakamvuta ndani kwa kulabu. Kilo 38. Wakamchinja na kumtia barafu hapo hapo, kwa sababu damu ya jodari ni ya moto na nyama yake huharibika upesi.

Kwenye rekodi hayumo. Sisi tulimla siku tatu.

Sitakudanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Kazi alikuwa bado hajapata, na safari ya kurudi tulilala wote kama magunia. Lakini Jumapili, tukiwa mezani na huyo jodari wa ndimu na pilipili, alinyoosha mkono bila kuinuka: "Mama, nipe chumvi."

Nikampa.

Ukitaka kwenda nawe

- Nenda kati ya Novemba na Machi, kabla ya upepo wa kusi kuchafua bahari.
- Bei huwa ni ya boti nzima, hivyo changeni wanne au sita. Ulizeni kama mafuta, chambo na chakula vimo.
- Hakikisheni boti ina leseni, redio na maboya ya kutosha watu wote.
- Dawa ya kichefuchefu inywe kabla ya kupanda. Ukianza kutapika umeshachelewa.
- Samaki msiyemla, mwacheni aende zake.
- Na mwenzako akisema "nishikie", shika. Mengine mtaongea nyumbani.