Kabla Hujatia Sahihi

Mlalo, Lushoto

Mwanangu mpendwa,

Mguu wa mama yako una nafuu, ng'ombe mweupe kazaa jike, na plamu tumeuza kwa bei ya kutupa kama kila mwaka. Mengine utayasikia ukija.

Nakuandikia kwa jambo moja. Nimesikia, tena si kutoka kwako bali kwa dereva wa basi pale Soni, kwamba lile shirika la mazingira linalogawa miche huku milimani limekuteua kuwa mweka hazina, na kwamba mwisho wa mwezi unakwenda benki kuandikisha sahihi yako kwenye akaunti yao. Nilipomwuliza baba yako akasema ni heshima kwa ukoo. Mimi shangazi yako usiku ule sikulala.

Sisemi msitu usitetewe. Maji tunayokunywa yanatoka msitu wa Shagayu, na kila kiangazi naona kijito kinavyozidi kukonda. Ninachosema ni kwamba sahihi yako ni wewe mwenyewe, na ukishaiacha benki inafanya kazi hata ukiwa umelala.

Wewe ulikuwa bado mdogo, na nyumbani kwenu jambo hili halizungumzwi, kwa hiyo nalisimulia mimi. Miaka ya tisini lilikuja shirika hapa kijijini, jina lake nalihifadhi. Walikuja na gari jeupe, semina na posho. Kijiji kikaunda kamati, na marehemu mume wangu akachaguliwa mweka hazina kwa sababu alikuwa mwaminifu na mwandiko wake ulisomeka. Miche ilikuwa mizuri, migrevilea na mikulo, imejaa kwenye viriba. Lakini ililetwa mwezi wa sita, masika imekwisha na baridi imeshika. Wazee walisema isubiri vuli. Wakajibiwa kwamba mwaka wa fedha wa mfadhili unafungwa mwisho wa mwezi huo, na fedha isiyotumika hurudi. Basi ikapandwa kwenye udongo mkavu, watu wakapigwa picha, wakaondoka. Kufika Oktoba ungeweza kuokota viriba vitupu kwenye mteremko mzima. Mwaka uliofuata miche mingine ikatiwa kwenye mashimo yale yale, na katika taarifa yao ikajumlishwa juu ya ile ya kwanza kana kwamba yote iko hai.

Hilo la miti lingeishia kwenye masikitiko. La fedha halikuishia hapo. Orodha za posho zilikuwa zikiletwa zikiwa na nafasi tupu chini ya jina la mwisho, na mume wangu alikuwa akiambiwa atie sahihi mwisho wa ukurasa, majina yatajazwa ofisini. Nilimkataza. Nilimwambia pale pale, mbele ya wageni, kwamba karatasi yenye nafasi haitiwi sahihi. Akaona namwaibisha. Wakaguzi wa mfadhili walipokuja, mkurugenzi alikuwa ameshahamia kazi nyingine, mhasibu haonekani, na kilichobaki mezani ni karatasi zenye majina ya watu ambao hawajawahi kuishi kijijini kwetu, na chini yake sahihi ya mume wangu. Aliitwa polisi Lushoto mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Tuliuza ng'ombe wawili kwa nauli na wakili. Mwishowe hakushtakiwa, lakini hadi anakufa hakukaa tena kwenye kamati yoyote, hata ya msiba. Na baba yako, ambaye leo anaona ni heshima kwa ukoo, wakati ule hakushuka Lushoto hata siku moja kusimama na shemeji yake. Nimemsamehe. Lakini nisingekuwa shangazi yako kama ningekuficha.

Kwa hiyo kabla ya benki, uliza aliyeshika kiti hicho kabla yako yuko wapi na aliondoka kwa nini. Mtafute mwenyewe. Usikubali kuelezwa habari zake na waliobaki.

Kisha omba hesabu zilizokaguliwa za miaka iliyopita. Huombi fadhila. Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya 2002 inalitaka kila shirika litoe kila mwaka taarifa ya shughuli zake, iliyo wazi kwa umma, pamoja na ripoti ya mkaguzi huru. Na kanuni za 2018 zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe, na mkataba wake upelekwe kwa Msajili na Hazina. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya ukaulize kama taarifa zao zinafika. Jina la mkaguzi lithibitishe NBAA, ile bodi ya wahasibu na wakaguzi. Wakikuambia hesabu ziko njiani, waambie na sahihi yako iko njiani.

Mimi nilikuwa karani wa hesabu wa chama cha ushirika mpaka Serikali ilipovifuta vyama vikuu 1976. Siku tunafunga ofisi, daftari langu la fedha taslimu lilikuwa sawa hadi senti ya mwisho, na hakuna aliyekuja kulitazama. Ukutani palikuwa na maneno: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nisikilize katika hili: ukiona hati safi, usifurahi upesi. Hati safi maana yake vitabu vinaonyesha hali ya fedha sawasawa. Mkaguzi hakupanda Mtae kuhesabu miti. Soma maelezo yanayofuata baada ya majedwali, maana ndiko utakakokuta nani kakopeshwa, ni kiasi gani cha fedha ya mradi hakijatumika, na kama fedha iliyotolewa kwa vitalu ililipa semina hotelini.

Usiwaamini pia wanaojisifu kwamba kila shilingi ya mchangiaji inakwenda kwenye mche na ofisi haili kitu. Hao ndio wanaonitia hofu zaidi. Nani basi anamlipa mtunza vitabu? Nani anaweka petroli kwenye pikipiki ya kurudi kukagua miche mwaka wa tatu? Shirika lisilolipa mhasibu ndilo hukopa sahihi ya kijana anayejitolea, kama wewe. Mtu alipwe mshahara wake, uandikwe, wote tuuone.

Chuoni sijui kama walikusimulia ya Amani. Miaka ya sabini na themanini msaada wa Finland ulikisaidia kiwanda cha mbao kilichokuwa kikikata msitu wa Usambara Mashariki. Wataalamu wakapiga kelele, ukataji ukasimamishwa, na katika miaka ya tisini fedha za nchi hiyo hiyo zikarudi kuuhifadhi msitu ule ule, hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa 1997. Watoaji walikuwa na nia njema nyakati zote mbili. Ndiyo maana siulizi kama wafadhili wenu ni watu wema, nauliza fedha yao imefanya nini ardhini.

Wapo pia waliojenga vizuri. Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki, wenye ofisi Morogoro, ulianzishwa 2001 kwa mtaji wa dola milioni 7 kutoka GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, kupitia Benki ya Dunia, kwa utaratibu wa kuwekeza mtaji na kutumia faida yake. Huo mpango naupenda, kwa sababu hakuna anayekimbizana na mwisho wa mwezi wa sita. Na SECAP, mradi wa Wajerumani wa kuzuia mmomonyoko ulioanza 1981, uliondoka zamani, lakini majani ya guatemala bado yako kwenye kingo za mashamba, kwa kuwa ng'ombe wa zizini anayala na mwenye shamba ana sababu ya kuyatunza. Waulize hao wa kwenu: miti mliyopanda miaka mitatu iliyopita iko shamba la nani, na yeye anapata nini? Wakikutajia idadi ya iliyogawiwa, rudia swali.

Bibi yako, alipolazimishwa kulima matuta katika ule mpango wa wakoloni wa hapa Mlalo ulioanza 1946, hakuulizwa chochote. Wewe umeulizwa. Tumia nafasi hiyo.

Habari za kuuza hewa ya ukaa, usiziguse mpaka mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa kijiji. Posho ya kikao ambacho hukukaa, irudishe. Na mshahara wako usimkopeshe binamu yako wa Lukozi, hata akilia.

Wakikupa hesabu hizo, zipige picha ukurasa kwa ukurasa, na yale maelezo ya nyuma usiyaache, uzitume kwenye simu ya kijana wa duka. Ana kioo kikubwa na mimi miwani ninayo. Wakikataa kukupa, benki usiende, na baba yako niachie mimi.

Wako,
Shangazi