Ndevu za Miti

Kwetu milimani, upande wa Kabare na kupanda hadi msitu wa Kahuzi-Biega, kuna kitu kinachoning'inia kwenye matawi kama ndevu za mzee. Rangi yake ni kijani iliyofifia, inayokaribia manjano au kijivu. Wengi wanapita chini yake bila kukitazama, na siku wanapokitazama utasikia: « Huu muti iko na ugonjwa, tuukate. »

Maneno hayo yalisemwa juu ya mti wa avoka wa marehemu baba yangu mdogo. Chini ya mti ule tumehesabu mahari za mabinti watatu, na ugomvi wa mipaka ya mashamba umeisha palepale. Vijana walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya magunia ya makala. Mama mdogo alikataa, lakini hakuwa na la kuwajibu. Basi niliitwa, kwani nafundisha biolojia.

Kitu hicho Wafaransa wanakiita likeni. Katika vitabu vya Kiswahili utakuta « kuvumwani », na jina hilo linasema kweli, maana ni viumbe viwili katika mwili mmoja. Kuvu ndiyo inayojenga nyumba na kushika maji. Mwani unakaa ndani na kutengeneza sukari kwa mwanga wa jua. Mwaswisi Simon Schwendener alipoyasema hayo mwaka 1867, wataalamu wengi wa wakati ule walimpinga vikali. Ndoa ya namna hiyo haikuwaingia akilini.

Aina yetu ya ndevu ni ya jamii ya Usnea. Kuitambua si kazi ya maabara. Chukua tawi moja dogo, ulilowanishe kidogo (likiwa kavu linavunjika tu), kisha ulivute polepole kwa vidole viwili. Ganda la nje litakatika kama pete, na ndani utaona uzi mweupe unaovutika kama mpira. Uzi huo ndio kitambulisho chake. Kuna nyingine, Ramalina, yenye kichaka vilevile, lakini matawi yake ni bapa kama utepe na hayana uzi ndani. Na usichanganye na kuvu ya kijani yenye vijani vidogovidogo inayofunika mawe ya mtoni. Ile si kuvu hata kidogo, ni mmea kamili, ingawa mitaani jina ni moja.

Nilivuta mbele ya vijana, uzi ukaonekana. Mmoja akauliza: « Sasa, mwalimu, kama hainyonye muti, mbona iko mingi kwenye miti yenye kuzeeka? » Swali zuri kuliko mengi ninayopata darasani. Ndevu hazina mizizi. Zinashikilia ganda tu, na zinakunywa ukungu na mvua. Mti ukizeeka majani yanapungua, mwanga unaingia, na ndevu zinapata nafasi. Zinafuata uzee, haziuleti. Lakini juu zaidi tulikuta mgeni mwingine, mwenye majani mazito na maua mekundu, ambaye mzizi wake umeingia ndani ya mbao. Huyo ndiye mnyonyaji. Tulikata matawi yake mawili, na mti ukaachwa.

Tukumbuke pia kwamba ndevu hizi haziwezi moshi mchafu, hasa ule wenye salfa. Mahali zinapostawi, hewa ni nzuri. Sijui vijana wa makala walilipokeaje hilo.

Jambo moja lilinitia wasiwasi kuliko shoka. Mama mdogo aliposikia kwamba ndevu zina asidi ya usniki inayoua vijidudu, alitaka kuzichemsha anywe kwa ajili ya kifua. Nilimkataza waziwazi. Asidi hiyo ikimezwa inaweza kuharibu ini. Mwaka 2001 serikali ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya kupunguza unene vilivyokuwa nayo pamoja na vitu vingine, baada ya watu kuugua ini vibaya. Mimi siwadharau waganga wetu wa miti shamba, ila dawa ina kipimo, na kipimo cha hii hakuna aliyeweza kunitajia.

Alininunia siku mbili. Sasa anaziokota zinazoanguka, anazianika juu ya mafiga, na asubuhi ya mvua, kuni zikiwa mbichi, ndizo zinazomwashia moto.