Shamba la Ukoo

Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, aliliuza kwa shilingi 300,000, kwa kuwa uzee ulimfika naye hakuwa na wa kumtunza. Jamaa yake wa kiume alimshitaki: sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maishani mwake, si kuliuza. Mwaka 1990, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji Mwalusanya aliamua kwamba ubaguzi huo wapingana na haki za binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Mauzo yakathibitika.

Husimulia hukumu hiyo darasani, na sauti hunikauka. Baba yetu hakuacha wosia. Dada yangu ndiye aliyemwuguza. Mimi nilifika siku ya maziko, ukoo ukanikabidhi migomba yote. Dada aliulizwa kama ameridhika, akaitika. (Nani angekataa mbele ya wazee?) Jaji yule alimpa haki aliyesimama mahakamani, dada yangu hajanishitaki. Nikienda likizo hunipokea vizuri, kisha huniomba ruhusa ya kukata mkungu anipikie.