Tulipokuwa Tukipishana

Somo la kwanza la udereva nilipewa na mjomba wangu, katikati ya miaka ya 1980 pale Tandika, Dar es Salaam, na gia hazikutajwa. "Mkono wa kushoto ni wa gari," aliniambia, "wa kulia ni wa watu." Alikuwa na pikapu ya Peugeot 404 iliyobeba nazi na mihogo kutoka Mkuranga kuja soko la Tandika, na muda wote mkono wake wa kulia ulikuwa nje ya dirisha. Ulipanda na kushuka kumwambia wa nyuma apunguze mwendo, ulizunguka kumwambia apite kwa kuwa mbele ni kweupe, na ulipungia kila gari tulilopishana nalo. Indiketa za pikapu ile zilikuwa zimekufa zamani na vipuri vilikuwa adimu, lakini hata wenye taa nzima walitoa mkono. Ilikuwa ndiyo heshima ya barabarani.

Barabara ya Kilwa ilikuwa nyembamba wakati ule, lami imeliwa pembeni, na magari unaweza kuyahesabu. Nchi ilikuwa imetoka katika miaka ya uhaba. Waliozaliwa baadaye hawaamini nikiwaambia kwamba kuna kipindi magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Watu wa Temeke tulisafiri kwa mabasi ya UDA, shirika lililoanzishwa 1974, na zile Ikarus ndefu zenye kiungo katikati tuliziita kumbakumba. Mwaka 1983 serikali ikawaruhusu watu binafsi nao kubeba abiria mjini, zikashamiri chai maharage: magari ya mabenchi mawili, abiria mnatazamana goti kwa goti. Humo ndani kununa kulikuwa kazi ngumu.

Siku moja tuliishiwa petroli hatujafika Mtoni kwa Aziz Ally, jua la saa saba, mihogo imeanza kusinyaa nyuma. Mjomba alikata matawi ya mwarobaini, akayatandaza barabarani nyuma ya gari. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya hatari, pembetatu za kuakisi walikuwa nazo wachache. Land Rover moja ikasimama. Dereva wake aliteremka akauliza swali moja tu: "Mpira unao?" Mjomba akachomoa kipande cha mpira chini ya kiti. Yule bwana akautumbukiza katika tangi lake, akavuta kwa mdomo mpaka mashavu yakaingia ndani, akatema, petroli ikaanza kutiririka kwenye galoni letu. Mjomba alipotoa noti, jamaa alifuta midomo kwa leso akasema, "Weka, kaka. Iko siku na wewe utanikuta." Akaondoka kwa honi mbili fupi.

Nilikua nikidhani ule ulikuwa wema mtupu. Baadaye, nilipoanza kushika usukani mwenyewe, ndipo nilipoelewa hesabu yake. Madereva wa upande ule walijuana. Walikutana kwenye foleni ya mafuta, sokoni alfajiri, na kwa mafundi wa Gerezani. Dereva aliyekunyima njia asubuhi ungemkuta jioni kwa fundi yule yule, mnasubiri spana ile ile. Kupishana kulikuwa mkopo, na kila mtu alijua atarudishiwa. Asiyelipa alijulikana kwa jina na kwa namba ya gari, na siku akiharibikiwa porini Mkuranga alilala na gari lake.

Heshima iliyozidi zote ilikuwa ya msiba. Jeneza likipita kwa miguu kuelekea makaburi ya Chang'ombe, magari ya pande zote mbili yalisimama na injini zikazimwa. Mjomba aliteremka, akaingia chini ya jeneza, akalibeba hatua chache, akampokeza mwingine na kurudi garini bila neno. Marehemu hakumjua. Na msafara wa malori uliofungwa matawi ulipotokea, hakuna aliyethubutu kuukatiza katikati, hata dereva mwenye abiria wanaopiga kelele kwamba wamechelewa.

Sisemi ilikuwa pepo. Malori yalitembea usiku bila taa za nyuma, walevi walishika usukani na hakuna aliyewapima, na mwanamke akionekana anaendesha alipigiwa miluzi kutoka Tandika hadi Uhasibu. Adabu ile ilikuwa ya madereva kwa madereva. Mtembea kwa miguu alipishwa kwa huruma ya mtu, hakudai haki.

Mabadiliko yalianzia kwenye hesabu, ile ya jioni. Daladala zilipoongezeka katika miaka ya 1990, mwenye gari, tajiri, alitaka kiasi kile kile kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, foleni iwepo isiwepo. Kilichozidi ndicho kilikuwa cha dereva na konda. Chini ya utaratibu huo, kumpisha mwenzako mwenye abiria wale wale ni kumpa chakula chako. Vikaja vipanya, zile Hiace ndogo zilizopenya popote, na vikaja na madereva wa deiwaka: kijana anashika gari la mwenzake kwa tripu mbili tatu wakati mwenyewe amekwenda kula. Deiwaka hamjui tajiri, hawajui madereva wenzake wa ruti ile, na kesho huenda yuko Buguruni. Ataogopa kumkera nani?

Nikawa nasikia maneno ambayo mjomba hakuwa nayo. Kuchomekea: unapanga foleni nusu saa, mtu anatoka pembeni anatia pua ya gari mbele yako kana kwamba ulimwekea nafasi. Kutanua: anaacha lami, anapita juu ya vumbi la waenda kwa miguu, mama mwenye beseni la samaki anaruka mtaroni. Mwanzoni waliotanua walikuwa vijana wa daladala, na sisi wenye magari madogo tuliwalaani kwa nguvu. Zikaja gari za mtumba kutoka Japani kwa wingi, foleni ikawa ndefu zaidi, na baada ya muda ukitazama kwenye vumbi lile unamwona mtu wa tai, gari safi, naye anatanua.

Gari hizo zilileta kitu kingine kilichoniuma zaidi ya foleni: kioo kilichofungwa. Kiyoyozi kinataka dirisha lifungwe, na wengi wakaongeza na giza la kioo juu yake. Mkono haukuwa na pa kutokea tena. Zamani ukikasirika na dereva ulimwona uso, ukakuta ni mzee wa makamo, amechoka, ana mtoto mgonjwa kiti cha nyuma, hasira ikashuka. Sasa unakasirikia gari. Na gari halina shikamoo.

Wakati huo huo mji ulikuwa unafura. Sensa ya 1988 ilikuta Dar es Salaam ina watu wapatao milioni 1.36, ile ya 2022 imekuta zaidi ya milioni 5.3. Bodaboda zilijaa mitaani mwishoni mwa miaka ya 2000, na 2010 zikatungiwa kanuni za leseni za usafirishaji. Wengi huwalaumu vijana hao kwa kila kitu, nami sikatai kwamba wamepita kushoto kwangu, kulia kwangu, na mara nyingine mbele yangu wakitokea upande usio wao. Lakini watazame kijiweni. Wanapangana kwa zamu, anayefika kwanza ndiye anayeondoka na abiria, na mmoja akianguka barabarani wenzake ishirini wako pale kabla vumbi halijatua. Adabu wanayo. Inaishia mahali wanapoacha kujuana.

Serikali nayo ilifanya kwa zege kile ambacho sisi tulishindwa kukifanya kwa hiari. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kutoka Kimara kwenda Kivukoni katika njia yake yenyewe, iliyotengwa kwa kingo, na bado wapo waliojipenyeza humo. Daraja la Mfugale pale Tazara lilifunguliwa 2018, la Kijazi pale Ubungo 2021. Kabla ya hapo njia panda zile ziliendeshwa na trafiki wa sare nyeupe, kasimama katikati ya moshi, anaita magari kwa mkono huku taa zikiwaka nyekundu na kijani bila kutazamwa na mtu. Tulikuwa tumemkabidhi askari mmoja kazi ya kupishana ya watu wote. Akiondoka kwenda kunywa maji, njia panda nzima inafunga, kila mmoja ametia pua, hakuna anayerudi nyuma, na kila mmoja anapiga honi kumlaani mwenzake.

Miaka ya karibuni nimehamia upande wa Kinondoni, ndani ndani kule Tegeta ambako lami haijafika. Njia yetu inapitisha gari moja. Mkikutana wawili, mmoja lazima arudi nyuma mpaka kwenye geti la mtu. Asubuhi moja nilikutana uso kwa uso na jirani wa mtaa wa pili mwenye Toyota Noah ya rangi ya fedha. Mimi ndiye niliyekuwa karibu na geti, lakini aliwahi kuweka rivasi yeye, akarudi umbali mrefu, akapandisha tairi mbili juu ya tuta la mama ntilie, akashusha kioo. "Pita, mzee wangu. Mama anaendeleaje?" Nikamjibu kwamba mke wangu anaendelea vizuri, nikamshukuru, nikapita.

Haikupita robo saa tuko Barabara ya Bagamoyo. Ilipopanuliwa kutoka Mwenge hadi Tegeta sote tulishangilia, na asubuhi inajaa vile vile. Gari likatokea kushoto juu ya vumbi, kioo kimepanda, likachomekea mbele yangu nusura linikwangue taa. Noah ya fedha, namba ile ile, sijui aligeuzia wapi. Sidhani alinitambua. Pale hakuwa anamchomekea baba fulani wa mtaani ambaye mkewe anaumwa. Alikuwa anachomekea gari.

Hapo nikaacha kuamini msemo kwamba watu wa zamani walikuwa wema na wa sasa wameharibika. Bwana yule ni mwema, nimemwona kwa macho yangu, na ni mkorofi, nimemwona pia, na kati ya hayo mawili hakuna robo saa. Kilichobadilika ni kwamba zamani barabara yote ilikuwa kama mtaa, na sasa mtaa unakoma pale lami inapoanza.

Mabaki yapo. Msafara wa msiba bado unapishwa kuliko ving'ora vya wakubwa, maana ving'ora tunavipisha kwa hofu. Siku hizi unayempa nafasi huwasha taa za hazadi mara mbili kushukuru. Mjomba hakuzijua, na angezipenda. Na ipo adabu moja ambayo haijapungua hata chembe, ninayoitaja kwa aibu kidogo: kuwashiana taa kwamba mbele kuna trafiki na tochi ya kupima mwendo. Hapo madereva wa Mbagala, Kawe na Kimara ni ndugu wa tumbo moja. Mtu aliyekunyima njia pale Mtongani anakuokoa na faini pale Kizuiani, na hataki shukrani. Kwa hiyo tusiseme hatuwezi kumtendea wema tusiyemjua. Tunaweza, tena kwa haraka, tukiona adui ni mmoja.

Mji wa watu milioni tano haurudi kuwa Tandika ya Peugeot 404, na kusubiri tujuane wote ndipo tupishane ni kusubiri bure. Ile adabu ya mkopo, nipishe leo nikupishe kesho, ilifaa mahali ambapo kesho mtaonana. Leo tunahitaji adabu ya mtu ambaye hatutaonana naye tena, na hiyo ndiyo kazi ya sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 haikuuliza kama mnajuana. Inamtaka dereva asimame mtu akiwa kwenye kivuko, na haibagui kama anayevuka ni mwalimu wako au mpita njia. Kila mwaka ikifika Wiki ya Nenda kwa Usalama tunanunua stika, tunaibandika kwenye kioo cha mbele, halafu tunapita nayo kwenye zebra iliyojaa watoto wa shule bila kugusa breki.

Basi tuanzie hapo, kwenye zebra, kabla ya mambo makubwa. Wewe unayesoma ukiwa na ufunguo wa gari mfukoni, kesho asubuhi simama pale kwenye kivuko cha shule kilicho karibu nawe, hata kama wa nyuma anapiga honi, watoto wavuke mpaka wa mwisho. Utachelewa dakika moja. Dakika hiyo foleni ingeila hata hivyo.