Nyota Zisizokuwa Nyota

Wanafunzi wapenzi. Mwaka jana niliwaonyesha darasani picha ya galaksi, mkaisifu. Leo naeleza kosa lililokuwamo, kwani mwalimu naye husahihishwa.

Galaksi ile huitwa Centaurus A. Iligunduliwa mwaka 1826 na James Dunlop, akiwa Australia. Nuru yake husafiri takriban miaka milioni 12 hadi kutufikia, na katikati imekatwa na mkanda mweusi wa vumbi. Sisi wa Nyarugusu vumbi twalijua: karasha zikiwashwa, hata duka la jirani halionekani vizuri.

Usiku mmoja wa mwezi wa sita, baada ya Isha, nilitega kamera ya kuazima kwenye stendi, nikailekeza juu ya Msalaba wa Kusini. Nilipiga picha 400, kila moja sekunde 2 tu, maana dunia huzunguka, na ukizidisha muda nyota huwa mistari. Katika picha moja peke yake sikuona galaksi, ila giza na chenga kama za televisheni isiyoshika vizuri.

Kilichofuata kinafanana na kazi ya mwaloni. Mchanga huoshwa tena na tena, mwepesi huchukuliwa na maji, dhahabu hubaki kwa uzito wake. Programu ya kompyuta nayo huzipanga picha ili nyota zilaliane, kisha huchukua wastani. Chenga huja ovyo, mara hapa mara pale, hivyo hufutana. Nuru ya galaksi huja mahali pale pale, hubaki. Hesabu yake ni kipeuo cha pili: picha 400 hupunguza chenga mara 20.

Doa hafifu likatokea, na mstari mweusi katikati. Kwa furaha nikazidisha mwangaza kupita kiasi, vikachomoza vitone vyekundu. Nikawaambia ni nyota za mbali.

Mwanafunzi mmoja akasimama: "Ustadhi, mbona nyota nyekundu zimejipanga mistari, na zote zinaelekea upande mmoja?" Sikuwa na jibu. Nikamwambia akae chini, asipoteze muda wa wenzake. Darasa likacheka.

Swali lile halikunipa usingizi. Usiku wenye ubaridi kama ule nikafunika lenzi kabisa, nikapiga picha 30 za giza tupu. Vitone vilikuwapo! Ilikuwa kasoro ya kamera yenyewe. Nilipozipanga picha kwa kufuata nyota, kasoro ile ikajichora mistari. Nikaitoa picha ya giza katika kila picha, nikaanza upya. "Nyota" zangu zikatoweka. Galaksi ilibaki, hafifu zaidi, na mkanda wake wa vumbi.

Mwaka 964 Abd al-Rahman al-Sufi aliandika kuhusu wingu dogo angani, ambalo leo twalijua kuwa galaksi ya Andromeda. Aliliita wingu kwa sababu wingu ndilo aliloliona. Hakuongeza.

Picha zote mbili zimebandikwa ukutani darasani, mzilinganishe. Nawe uliyeuliza, uliona sawa, na mimi nilikunyamazisha mbele ya wenzako. Ndiyo maana nakuomba radhi mbele yao. Mwaka huu uliza tena.

Wabillahi tawfiq.