Mkono wa Nani Huu?

Mnamkumbuka yule mtoto wa Indonesia wa 2025? Miaka 11, miwani ya jua, amesimama kwenye ncha ya mtumbwi anazungusha mikono kama hana haraka na mtu. Dunia nzima ikamuiga, hadi klabu ya PSG ikaweka video yake. Watu wakasema dogo analima aura.

Mimi pia niliiga. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, nimemwambia mathe nitaishi kwa video, na hakuna video yangu iliyokuwa inatembea. Basi nikavaa miwani, nikapanda mkokoteni hapo Gikomba, majamaa wawili wakausukuma mbio, nikacheza. Watazamaji 60,000! Duka moja la viatu likanilipa 4,000 nirudie nikiwa na viatu vyao.

Nikamwonyesha mathe, nikingoja akubali kwamba niliamua vizuri. Aliangalia mara mbili, akaweka kidole pembeni mwa simu. "Mkono wa nani huu unasukuma? Ulimpa ngapi?"

Sikuwa nimempa kitu. Nilikuwa nimewakata wote wawili, mkono tu ndio ulibaki.

Usiku huo ndio nikasoma hiyo kitu ni nini. Inaitwa Pacu Jalur, mashindano ya mitumbwi huko Kuantan Singingi, mkoa wa Riau, kisiwa cha Sumatra. Mtumbwi huchongwa kwa gogo moja refu na hubeba wapiga makasia 40 hadi 60. Mwingine husimama nyuma kabisa, anauyumbisha kwa mwili wake ili wenzake wapate mdundo. Mtoto wa mbele hucheza mtumbwi wao ukiongoza. Kumbe densi yake ni habari: anawaambia walio ukingoni kwamba watu wake wanashinda.

Riau ilimfanya balozi wa utalii, na alistahili. Wewe jaribu kusimama pale bila kuanguka mtoni. Lakini mimi nilichukua densi nikaacha makasia. Hata bando ya kupakia ile video ilitoka kwa mathe, kwa pesa ya mitumba. Kodi pia ni yeye.

Nilirudi Gikomba. Jamaa mmoja nilimpata, nikampa 1,000, akacheka akadhani ni mzaha. Wa pili walisema aliacha kazi ya mkokoteni. Elfu yake bado ninayo. Siku ile alikuwa na jezi ya Gor Mahia, namba 10. Kama unamjua, mwambie anitafute.