Walinzi wa Mboga Zetu



Kila nizurupo Kisii na Nyamira kwa darasa, hupenda kutazama bustani za kina mama. Mashamba ya milima ile ni madogo, hivyo kila shubiri ya ardhi ina kazi: mgomba, majani chai, mahindi, na karibu na jiko, sukuma wiki na chinsaga.

Penye majani hapakosi viwavi, wana wa vipepeo na nondo. Na penye viwavi, Mola ameweka wawindaji wao. Vunjajungu hutulia kama aliye katika swala mpaka windo limkaribie. Nyigu mwenye kiuno chembamba humchoma kiwavi akapooza, akampeleka shimoni, akataga yai na kuziba mlango. Mtoto akianguliwa huikuta riziki yake ingali mbichi. Yuko pia nyigu mdogo mno atagaye ndani ya kiwavi. Watoto wake humla kwa ndani, kisha hutoka na kufuma vifuko vyeupe mfano wa punje za mchele.

Katika nyumba moja ya Nyamira, mkaza mwana aliviona vifuko hivyo, akadhani ni mayai ya waharibifu, akaliendea bomba la dawa. Mama mkwe akamzuia: "Mwanangu, hao ndio askari wetu. Na jioni watoto watakula nini, mboga au sumu?" Wakaokota viwavi kwa mkono, na vifuko wakaviacha.

Hekima ya mama yule ni kubwa. Dawa nyingi humuua mwizi pamoja na mlinzi. Kisha viwavi hutangulia kurudi, kwa kuwa mwindaji hawezi kuongezeka mpaka windo lake lizaane kwanza.

Nasi watu wa pwani tunao majimoto, tunaowalaani wakituuma juu ya mwembe, ilhali juu ya mnazi huwafukuza wadudu waharibuo nazi changa. Mtume (s.a.w.) alikataza kuwaua chungu na nyuki. Hatulazimishwi kuvumilia madhara: nyigu aliyejenga juu ya kitanda cha mtoto na aondolewe. Lakini aliye bustanini, tumwulize kwanza kazi yake. Na dawa ikibidi, zisomwe siku za kungoja zilizoandikwa chupani kabla mboga haijachumwa, kwani tumbo la mtoto ni amana.

Wabillahi tawfiq.